Kungoja Mboloko na Kutega Waya: Swali juu ya Uwindaji wa Kwetu



Katika madarasa yetu ya sekondari kuko swali linalorudi karibu kila mwaka, wakati tunagusa habari ya mila na maadili. Wanafunzi wanauliza: yule mzee wa zamani aliyekaa siku tatu akingojea mboloko, na huyu kijana wa leo anayetega waya na kurudi nyumbani kulala, wote wawili si wanaua tu? Nyama ikifika kwenye sahani haisemi imekufa namna gani. Darasa linacheka, lakini jibu haliko jepesi. Kwa upande wa mboloko mwenyewe, mshale na waya vinafika mahali pamoja.

Hata hivyo wazee wa Eringeti na wa vijiji vya pembeni, Wambuba, Wanande, Walese na Wambuti, hawakuweka hizi kazi mbili katika kitunga kimoja. Waliona tofauti. Katika kurasa hizi nataka kutafuta ile tofauti iko wapi. Kama haiko, basi tunasifu mila kwa mazoea tu, na vijana wana haki ya kutucheka. Na kama iko, inatugusa sisi wote, hata wale ambao hawajashika upinde siku hata moja.

1. Kungoja ni kazi gani?

Eringeti iko karibu kilometa 60 kaskazini ya mji wa Beni, kwenye barabara ya taifa namba 4, pale Kivu ya Kaskazini inapakana na Ituri. Ni mlango wa msitu mkubwa. Watoto wengi wa hapa wanajua kakao kuliko wanavyojua msitu, kwa hiyo ni vizuri kueleza kwanza.

Mtu asiyezoea pori anafikiri kama kungoja ni kukaa bure, sawa vile msafiri anakaa pembeni ya barabara akingoja gari. Hapana. Kazi ya kungoja inaanza siku nyingi mbele ya kukaa.

Mwindaji anatafuta kwanza mti unaoangusha matunda. Mboloko na ndugu zake, wale swala wafupi wa msituni, hawapandi miti. Wanakula kile kinachoanguka. Ndiyo maana wanapenda kupita chini ya kima na ndege wakubwa, juu ya hao wakila kule juu wanamwaga mengi chini. Mwenye kusikia kelele ya kima asubuhi anajua tayari kama meza imewekwa. Akifika chini ya mti anasoma: matunda yaliyotafunwa nusu, mavi madogo meusi, alama za kwato nyembamba kama ncha ya kidole. Anatazama kama alama ni za leo ao za juzi, zinaingilia upande gani na kutokea upande gani.

Siku ya kwanza hapigi. Siku ya pili pia hapigi. Anajifunza saa. Mboloko anatembea mchana na kulala usiku. Kuko swala mwingine, mwekundu mwenye mstari mweusi mgongoni, ambaye anafanya kinyume: anatembea usiku. Mtu asiyejua hiyo anaweza kukaa mchana kutwa akingojea nyama iliyolala.

Kisha anajenga maficho: matawi machache na majani ya hapo hapo, chini kabisa, nyuma ya mzizi mkubwa ao ya mti ulioanguka. Anayajenga mapema na kuyaacha siku mbili tatu, ili nyama wazoee ile sura mpya. Anapima upepo kwa kuangusha majivu kidogo ao vumbi la jani kavu. Siku ya kukaa haogi na sabuni, havuti tumbaku, hanywi kasiksi. Anaegemea mti, upinde juu ya magoti, na hatikisiki. Mbu wanamuuma, na anawaacha. Waefe, wale Wambuti wanaoishi pamoja na Walese na kuwinda kwa upinde, wana namna yao ingine: wanapanda juu ya tawi karibu na mti wenye matunda na kungojea huko juu.

Tena kuko mwito. Mwindaji anabana pua na kutoa sauti ya mboloko mwenye shida, na mboloko aliye karibu anakuja mwenyewe kuona. Jambo hili linajulikana karibu katika misitu yote ya Afrika ya Kati. Lakini mwito bila kujua njia na saa ni kupiga kelele tu.

Basi tukihesabu vizuri, kupiga mshale ni dakika moja. Yote yaliyobaki ni masomo.

2. Mwenye kuona anapata mzigo

Sasa tuingie ndani ya swali lenyewe. Masomo hayo yanamfanyia mwindaji nini?

Mboloko ni nyama mdogo, uzito wake ni kama kilo 4 ao 5, sawa na jogoo wawili wakubwa. Hatembei ovyo. Anaishi na mwenzake, dume na jike, katika kipande kidogo cha msitu ambacho ni chao, na wanakitia alama kwa kusugua kwenye vijiti majimaji yanayotoka chini ya macho. Jike anazaa mtoto mmoja kwa mimba moja. Mtoto huyo analazwa ndani ya majani, na mama anaenda kula na kurudi. Mkia wa mboloko unatikisika kila wakati, na ule weupe wa chini yake unaonekana kama taa ndogo inayowaka na kuzimika. Akishtuka anajitupa ndani ya kichaka kama mtu anayezama majini. Wazungu wa Afrika ya Kusini walimwita kwa jina hilo hilo katika lugha yao: « mwenye kuzama ».

Mtu aliyekaa siku kadhaa mahali pamoja anayajua hayo yote, na siyo kwa kitabu. Anajua kuko dume mwenye sikio lililopasuka. Anajua kuko jike mwenye maziwa, maana yake kuko mtoto mahali fulani ndani ya majani. Mbele yake hakuna tena « nyama » tu. Kuko yule, na yule mwingine.

Hapa Kiswahili chetu cha huku kinatufundisha kitu. Watu wa pwani wana maneno mawili: mnyama anayetembea, na nyama ya kula. Sisi tunasema nyama kwa yote mawili: nyama iko pori, na nyama iko kwenye chungu. Mwenye kungoja ndiye mtu ambaye analazimishwa kutenganisha yale mawili ndani ya macho yake. Siku tatu anaona kiumbe chenye saa zake, njia zake na mwenzake. Siku ya nne anaamua kama kiumbe hicho kitakuwa chakula. Uamuzi huo ni wake peke yake, na hawezi kusema kama hakuona.

Ukimuuliza mwindaji mzee juu ya jike mwenye mtoto, atakujibu kwa neno fupi: « Ile unaiacha ipite. » Neno hili dogo, kuacha ipite, kwangu ndilo kiini cha mambo yote. Uwezo wa kuua uko mkononi, tumbo linauma, nyumbani wanangoja, na mtu anashusha upinde. Kuacha huko hakuwezekani kama mtu hayuko pale. Uhuru wa kutokuua unapatikana mahali pamoja tu na uwezo wa kuua: mbele ya macho.

José Ortega y Gasset, mwanafilosofia wa Hispania, aliandika mwaka 1942 kama mwindaji hawindi ili aue, ila anaua ili awe amewinda kweli. Wazee wetu wangecheka wakisikia hivyo. Wao waliwinda juu ya chungu, juu ya watoto, juu ya mahari na sherehe. Lakini chini ya kicheko wangekubali kitu kimoja na huyo Mzungu: kuua ni sehemu moja tu ya kazi, na anayetaka ile sehemu peke yake, bila zile zingine, anafanya jambo lingine lenye jina lingine.

3. Waya haina macho

Waya tunazijua wote. Ni zile nyuzi za chuma za breki za baiskeli ao za pikipiki, zinafungwa kwenye mti unaopindwa, kitanzi kinalazwa juu ya njia. Mtu anaweza kutega makumi kwa siku moja. Kisha anarudi nyumbani.

Yule mwenye kutega naye anajua njia. Lazima tukubali hiyo, siyo mjinga. Anajua nyama inapita hapa, ndiyo maana ametega hapa. Lakini ujuzi wake unaishia pale anapofunga kitanzi. Kuanzia hapo waya inafanya kazi yenyewe, na waya haichagui. Dume, jike, jike mwenye mimba, mtoto, nyama ya kula na nyama isiyoliwa, vyote ni mguu tu. Wengine wanakata waya na kwenda nayo ndani ya nyama ya mguu, wanakufa mbali. Wengine wanakaa ndani siku mbili, tatu, mpaka mwenye waya arudi. Na kama harudi? Huku kwetu, katika miaka ya mwisho, mara ngapi mtu amekimbia kijiji kwa sababu ya vita na kuacha waya zake pori! Mwenye waya yuko Oicha ao Beni amelala kwa ndugu, na kule msituni waya inaendelea kuua kwa jina lake.

Tena kuko jambo la afya. Kati ya 2001 na 2003, huko Gabon na Kongo-Brazzaville, watafiti walikuta virusi vya Ebola ndani ya mizoga ya gorila, ya sokwe na ya swala wa msituni, ndugu za mboloko. Sisi wa Beni na Butembo hatuhitaji kufundishwa Ebola ni nini. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia upande wa Mangina, na ulitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuchukua watu zaidi ya 2,200. Sisemi kama waya ndiyo iliuleta. Nasema hivi: mwenye kungoja alimuona nyama akitembea, akila, akitikisa mkia, na anajua amekufa juu ya nini. Anayeokota mzoga kwenye waya baada ya siku tatu hajui kitu. Alikufa kwa waya? Alikufa kwa ugonjwa? Hakuna shahidi. Na nyama isiyo na shahidi inapelekwa sokoni, inapikwa, inapewa watoto.

4. Mwenye waya naye asikilizwe

Ni haki tumpe mwenye waya nafasi ya kusema, maana wengi wao ni baba wa familia tunaowajua, na wengine ni wazazi wa wanafunzi wetu.

Atasema: « Mwalimu, yule mzee wa upinde alikuwa na wakati. Mimi niko na shamba la kakao, niko na watoto wa kulipia masomo. Nani atakaa siku tatu chini ya mti? » Atasema tena kama panya wakubwa na nungu wanamaliza mihogo yake, na waya pembeni ya shamba inalinda chakula. Na neno la tatu ndilo kali zaidi: « Wewe unakula mbuzi wa soko la Oicha. Ulimngojea wapi huyo mbuzi? »

Neno la kwanza ni la kweli, na hakuna sifa za mila zinazoweza kulifuta. Maskini hana wakati mwingi. Lakini tutazame vizuri: waya nyingi za siku hizi haziko za chungu cha nyumbani. Ziko za soko. John Hart, mtafiti aliyefanya kazi miaka mingi katika msitu wa Ituri, aliandika mwaka 1978 namna wachuuzi walivyoingia mpaka ndani ya kambi za Wambuti, na uwindaji wa kula ukageuka uwindaji wa kuuza. Chungu kina mwisho, kikijaa mtu anaridhika. Soko halijai.

Neno la mbuzi linaomba jibu refu kidogo. Ni kweli, sikumngojea. Lakini mbuzi ana mwenyewe. Kuko mtu aliyemfunga asubuhi, aliyemtafutia majani, aliyejua siku anaumwa. Kuna aliyemuona mbele ya kisu. Nyama ya pori haina mwenyewe. Mtu peke yake anayeweza kusimama mahali pa mwenyewe ni yule aliyekaa akamwangalia.

Kwa hiyo nisieleweke vibaya. Sisemi kama upinde ni mtakatifu na kamba ni dhambi. Wambuti wenye nyavu hawangojei kama nilivyoeleza. Wanaume wanasimama kwenye nyavu za kamba ya kusa, wanawake na watoto wanasukuma nyama kwa kelele. Lakini wote wako pale, wanaona kilichoingia, na nyama inagawanywa mbele ya macho ya wote, kila mtu akijua wavu ulikuwa wa nani na nani alishika. Waefe nao wana utaratibu wao: anajulikana mshale wa nani ulipiga kwanza, na kila mtu ana sehemu yake. Hata mtu wa waya anayetega chache na kuzipitia kila asubuhi iko karibu na mzee wa maficho kuliko mwenye bunduki anayemulika tochi usiku na kupiga macho yanayong'aa bila kujua ni ya nani. Tofauti haiko katika chombo. Iko katika swali hili: mtu alikuwako, ao hakuwako?

5. Swali gumu zaidi: na sisi wenye njia?

Sasa nafika mahali pazito, na wasomaji wa Eringeti watanielewa mbele ya wengine.

Tangu Oktoba 2014, watu wa eneo la Beni wameuawa kwa mamia na mamia, wengi wao wakiwa shambani ao njiani kwenda shambani. Usiku wa tarehe 29 Novemba 2015 Eringeti yenyewe ilishambuliwa, mpaka ndani ya hospitali. Tulijifunza kwa miili yetu maana ya kuwa na njia inayojulikana. Wakulima walibadilisha saa za kutoka. Waliacha njia ya zamani na kufungua nyingine. Walitembea wengi pamoja, wakinyamaza, wakisimama kusikiliza kama ndege wameacha kulia. Kwa neno moja, tulianza kutembea kama mboloko.

Basi mtu anaweza kuuliza, na ni lazima aulize: yule aliyejificha pembeni ya njia ya shamba, aliyejifunza saa za mama anayekwenda kuchuma sombe, hakufanya kazi ileile ya mwindaji? Kujua njia ya mwingine, kunyamaza, kungoja. Kama ndiyo, mbona tunasifu maficho ya wazee?

Immanuel Kant aliwafundisha wanafunzi wake kama mtu anayezoea ukatili kwa nyama anauzoeza moyo wake ukatili kwa watu. Wengine wangechukua neno hilo na kusema: mnaona, maficho ni shule ya uuaji. Mimi siamini hivyo, lakini sitaki kukimbia swali.

Kwanza niseme lililo wazi: mtu siyo nyama, na hakuna njaa inayogeuza njia ya mtu kuwa njia ya mboloko. Lakini jibu hili peke yake halitoshi, juu ya wauaji nao wanaanza kila mara kwa kusema kama wale wanaowaua siyo watu kamili. Tutafute tofauti ndani ya kitendo chenyewe.

Mwindaji anahitaji ile njia ibaki na wapitaji. Akimaliza mboloko wote wa kipande kile, mwaka ujao hana kitu, na mtoto wake hana kitu. Ndiyo maana anaacha jike apite. Masomo yake yote ni ya kutaka kesho iwe kama leo. Muuaji wa njiani anataka njia iote majani, shamba lirudi pori, kijiji kihame. Ujuzi wao unaweza kufanana kwa mikono, lakini mmoja anajifunza njia akitaka iendelee, na mwingine anajifunza akitaka iishe. Tena mwindaji anarudi kijijini na kile alichofanya kinaonekana: analeta nyama, anaulizwa ameipata wapi, anaigawanya, watu wanajua. Muuaji anaondoka na giza lake.

Sasa angalia waya zilizotegwa makumi kwa makumi. Mwenye kuzitega hataki mabaya kwa mtu. Lakini je, anajali njia ibaki na wapitaji? Kazi yake inasafisha njia kabisa, na yeye mwenyewe hayuko pale kuona kama imekuwa tupu. Hapo ndipo neno la Kant linapata nguvu, na siyo kwenye maficho ya mzee. Kinachofanya moyo mgumu ni kuua bila kuangalia. Kuua huku unaangalia kunaweza kuuacha moyo na kidonda, na kidonda hicho ni dalili kama moyo bado uko hai.

Nakubali kama jibu hili halimfikii mboloko. Kwa yule mmoja anayeanguka, njia imekwisha, na haimsaidii kujua kama wenzake wamebaki. Kuna deni ambalo halilipwi. Mwindaji mwema siyo yule asiye na deni. Ni yule anayejua amekopa kwa nani.

6. Tufanye nini na masomo haya?

Mtu atasema: haya yote ni ya zamani. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inaomba ruhusa ya Leta, sheria ya 2014 juu ya ulinzi wa mazingira imeongeza nguvu, na ndani ya Parki ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, kuwinda kumekatazwa. Tena vita imefunga njia nyingi za pori. Wazee waliojua kungoja, wengi walikufa ugenini mbali na mashamba yao. Ni kweli. Simshauri mwanafunzi yeyote kuingia pori na upinde.

Lakini ninaona hatari ya kupoteza masomo pamoja na nyama. Ulimwengu wa nje umepata namna ya kujua njia za nyama bila kungoja. Kuko kamera zinazofungwa kwenye mti na kupiga picha zenyewe nyama akipita. Huko Marekani wawindaji wanazitumia kujua saa za swala wao wakubwa wenye pembe za matawi, mbele ya kuingia katika vibanda vyao vya kujificha. Kamera hizo zina faida kubwa. Mwaka 2008 ndizo zilizopiga picha ya okapi ndani ya Parki ya Virunga, na watu wakajua kama bado yuko. Wanaolinda misitu wanazihitaji. Lakini kamera, sawa na waya, inabaki pori peke yake. Inatuletea habari ya njia bila ule mzigo wa aliyekaa na kuona. Habari tunaweza kuzipata kwa chombo. Uvumilivu, uangalifu na kujizuia hatuwezi kuvipata hivyo.

Kwa hiyo naleta mapendekezo matatu mbele ya chama chetu na mbele ya walimu wenzangu.

La kwanza: katika somo la biolojia, tuache kufundisha nyama kwa picha za vitabu peke yake. Pembeni ya kila shule yetu kuko shamba, kichaka ao kijito. Mwanafunzi anaweza kukaa saa moja bila kusema, mahali palipo salama, na kuandika kilichopita: ndege gani, panya gani, saa gani, kutoka wapi. Mwanzoni wataona aibu na kuchoka. Baadaye wataanza kugombania nafasi nzuri. Darasa la kukaa kimya ni kitu adimu, na hapo hakuna anayekufa.

La pili: wazee wa Wambuti na wa makabila yote waitwe shuleni kama walimu, siyo kama wageni wa kucheza ngoma siku ya sikukuu. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 imetambua haki za watu wa asili Wambilikimo katika nchi yetu, pamoja na mila na ujuzi wao. Sheria ikibaki kwenye karatasi ya Kinshasa haitatusaidia. Mzee anayejua kusoma unyayo ni msomi, hata kama hajui kusoma gazeti. Apewe kiti na heshima ya mwalimu.

La tatu: wale ambao bado wanatega pembeni ya mashamba, tuzungumze nao bila kuwatukana. Tuwaombe mambo mawili tu: wasitege waya nyingi kuliko zile wanazoweza kupitia kila siku, na wasilete nyumbani ao sokoni nyama waliyoikuta imekufa. Na siku wakikimbia, wakipata nafasi ya kurudi, jambo la kwanza wafungue zile walizoacha. Anayefungua waya yake ya zamani amerudi kuwa shahidi wa kazi yake.

Tunaweza kuanza mwaka huu huu kwa jambo dogo: kuandika majina ya miti ya matunda, ya nyama na ya alama zao, kwa Kinande, kwa Kilese, kwa Kimbuba na kwa lugha ya Waefe, pamoja na saa na miezi ya kila moja. Kazi hiyo haiombi bunduki wala ruhusa ya Leta. Inaomba daftari, kalamu, na mzee mmoja ambaye bado anakumbuka.